Sura ya 7: Ardhi ya Gereza Apewe Nani?

Kwa nini gereza likae katikati ya mji, kwenye ardhi ambayo pangejengwa soko, hoteli au fremu za maduka?

Swali hili huulizwa vijiweni na kwenye mikutano ya mtaa katika miji mingi ya Afrika Mashariki iliyorithi magereza ya enzi za ukoloni. Mfanyabiashara anaona eneo zuri, lenye barabara, umeme na maji, limezungushiwa ukuta. Askari magereza anaona majengo ya zamani yaliyojaa kupita kiasi, yanayohitaji mabweni mapya. Diwani anaona mapato ya halmashauri. Kila mmoja ana hoja ya kweli.

Kuna hoja ya nne, ambayo kwa kawaida huletwa mezani wakati ramani zimeshachorwa: majitaka yataenda wapi? Majitaka ni maji yote yaliyokwisha kutumika, yawe ya chooni, bafuni, jikoni au kiwandani. Msimamo wa sura hii ni kwamba swali hilo la nne lilipaswa kuulizwa kwanza. Ukuta na ghorofa vinaweza kusimama ndani ya mwaka mmoja. Mfumo wa kuondoa uchafu wa watu watakaoingia humo huchukua miaka mingi, na usipokuwepo, gharama inalipwa na kila anayekunywa maji ya Ziwa Victoria.

Gereza lilifikaje mjini?

Wakoloni walijenga magereza karibu na boma, mahakama na kituo cha polisi. Walitaka mtu akamatwe, ahukumiwe na afungwe bila kusafirishwa mbali, na nguvu kazi ya wafungwa iwe karibu na barabara na bandari. Gereza Kuu la Kigali lilijengwa mwaka 1930, na hadi leo wenyeji hulitaja kwa mwaka huo: "1930". Gereza la Luzira, jijini Kampala, ni la miaka ya 1920. Wakati huo maeneo hayo yalikuwa pembezoni. Mji ulikua, ukalifikia gereza, ukalizunguka, kisha ukaanza kulalamika kwamba gereza limeziba njia. Wakazi wa Dar es Salaam wameshuhudia jambo hilohilo Ukonga na Keko.

Hapa kwetu, mkoani Mara, Tanzania, kuna magereza Musoma, Bunda, Tarime, Mugumu na Kiabakari. Shinikizo la ardhi linaonekana zaidi Musoma kwa sababu ya umbo la mji wenyewe. Musoma imejengwa juu ya rasi, yaani ardhi iliyoingia ziwani ikazungukwa na maji pande tatu. Kiwanja cha ndege nacho kimo ndani ya mji. Kutoka Mwigobero na Mukendo, mji hauna pa kukimbilia isipokuwa kurudi bara, kuelekea Nyakato, Bweri na Kwangwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 134,327 katika Manispaa ya Musoma. Katika mkoa mzima idadi ilitoka watu 1,743,830 mwaka huo hadi 2,372,015 mwaka 2022. Ardhi ya katikati haikuongezeka hata hatua moja.

Kwa ufupi: magereza mengi hayakuufuata mji. Mji ndio uliolifuata gereza, na sasa kila ekari ya katikati ina watu wengi wanaoitaka.

Nani hasa amelala ndani?

Kabla ya kukubali au kukataa upanuzi, inafaa kujua gereza limejazwa na nani. Ndani ya ukuta mna makundi mawili. Mfungwa ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Mahabusu ni mtu anayesubiri kesi yake imalizike, na mbele ya sheria bado hana hatia.

Magereza ya Tanzania Bara yana nafasi rasmi za watu karibu 30,000, na kwa miaka mingi idadi ya waliomo ilikuwa juu ya hapo. Kuna vipindi ambapo karibu nusu yao walikuwa mahabusu. Chukua mfano wa kijana wa Buswahili, wilayani Butiama, anayeshtakiwa kwa kosa lenye dhamana. Mahakama inataka wadhamini wenye barua ya mtendaji na vitambulisho. Ndugu zake hawana nauli ya kufika mjini kwa wakati, upelelezi unachelewa, kesi inaahirishwa na kuahirishwa tena. Kijana anakaa ndani miezi mingi. Analala, anakula, anaoga na kwenda chooni kwa gharama ya umma, na siku ya mwisho huenda akaachiwa huru.

Viongozi wetu wameliona tatizo hili. Julai 2019 Rais John Magufuli aliingia Gereza la Butimba, Mwanza, akawasikiliza mahabusu na wafungwa. Desemba 9 mwaka huohuo, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Mwanza, alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, yaani vyombo vyote vinavyomshika mtu tangu anapokamatwa hadi anapotoka gerezani. Iliongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na ilikabidhi ripoti Julai 2023.

Njia za kupunguza msongamano zimo kwenye sheria zetu tayari. Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 inaruhusu mfungwa mwenye mwenendo mzuri amalizie sehemu ya adhabu yake nje, chini ya masharti. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mwenye kosa dogo afanye kazi ya umma badala ya kufungwa. Tangu 2019 mshtakiwa anaweza kuingia makubaliano ya kukiri kosa, na kesi ikamalizika mapema.

Kwa hiyo gereza linalofurika lina tiba mbili: kuongeza vitanda au kupunguza wanaoingia bila sababu ya msingi. Tiba ya pili haihitaji saruji, haichukui ardhi, na haimwagi hata ndoo moja ya majitaka. Kuiruka na kwenda moja kwa moja kwenye ujenzi ni kosa la mipango, na pia ni dhuluma kwa mahabusu ambaye angeweza kuwa nyumbani kwake.

Hesabu ambayo kila mkazi anaweza kuifanya

Tuchukue gereza la mfano, lililojengwa kwa watu 200. Tuseme kila mtu anatumia lita 50 za maji kwa siku. Hizo ni lita 10,000. Mafundi wa majitaka hukadiria kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia kwenye jengo hutoka yakiwa machafu. Basi gereza hilo linatoa lita 8,000 za majitaka kila siku, na karo lake, yaani shimo la kupokea majitaka, lilichimbwa kwa kiasi hicho.

Sasa wamo watu 400. Majitaka ni lita 16,000 kwa siku, na karo ni lilelile. Ardhi ikiwa inanyonya, maji yatapenya kwa tabu. Ikiwa chini kuna mwamba, au maji ya ardhini yako juu, hayana pa kwenda. Gari la kunyonya lenye tangi la lita 8,000 lingelazimika kuja mara mbili kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Lisipokuja, chemba zinafurika, na wa kwanza kukanyaga uchafu huo ni wafungwa na askari wao. Baada yao ni majirani.

Tugeukie sasa upande wa maendeleo ya biashara. Tuseme gereza limeondolewa, na mahali pake imejengwa hoteli ya wageni 60. Mgeni wa hoteli huoga zaidi, shuka zake hufuliwa, na jiko hufanya kazi mchana kutwa. Tukikadiria lita 200 kwa mgeni mmoja, hoteli inatumia lita 12,000 kwa siku. Wageni 60 wameyapita maji ya wafungwa 200. Machinjio au kiwanda cha samaki ni mzigo mzito zaidi, kwa sababu damu, mafuta na matumbo ya samaki huoza haraka na kumaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji.

Wakazi wa bonde la Mto Mara wanalijua jambo hilo. Machi 2022 maji ya mto karibu na Kirumi yalibadilika rangi yakawa meusi, na samaki wengi wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na Watanzania wengi waliyapinga maelezo hayo hadharani. Mjadala ulikuwa mkali, ila somo moja ni la wazi: vitu vinavyooza vikizidi ndani ya maji, oksijeni inaisha na samaki hawaponi, hata kama hakuna sumu iliyomwagwa.

Kwa ufupi: gereza na hoteli vyote vinadaiwa na ziwa. Anayedhani kwamba kumwondoa mfungwa na kumweka mtalii kunamaliza tatizo la uchafu hajapiga hesabu ya maji.

Somo la Luzira: uchafu na bomba la kunywa ndani ya ghuba moja

Ukitaka kuona gereza, uwekezaji na majitaka mahali pamoja, tazama Luzira. Magereza ya Luzira yako karibu na bandari ya Port Bell, ambako meli za mabehewa huondoka kwenda Mwanza. Gereza kubwa la hapo lilijengwa kwa watu wapatao 600, na kwa miaka mingi limelaza maelfu. Ardhi yake iko karibu na ufuko, ndani ya mji mkuu, na mara kadhaa serikali ya Uganda imezungumzia kuyahamisha magereza ili eneo litumike kwa uwekezaji. Gereza jipya la Kitalya, lililofunguliwa mwaka 2020 nje ya Kampala, lilichukua baadhi ya watu.

Luzira inatazamana na Ghuba ya Murchison. Mfereji wa Nakivubo, unaopita katikati ya Kampala, humwaga maji yake humo baada ya kupita kwenye kinamasi, na vitongoji vya pembeni ya ziwa vinaongeza ya kwao. Kwenye ghuba hiyohiyo, huko Ggaba, ndiko iliko mitambo iliyovuta maji ya kunywa ya Kampala kwa miaka mingi. Mji ulikua, vinamasi vilivyokuwa vikichuja uchafu bure vikalimwa na kujengwa, na maji ya ghuba yakawa ghali zaidi kuyasafisha.

Uganda ililazimika kujenga mara mbili. Ilijenga mtambo wa kusafisha majitaka Bugolobi, wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, kusafisha yanayoingia ziwani. Ikajenga pia mtambo wa maji ya kunywa Katosi, mbali na ghuba iliyochafuka, na kuyasukuma maji kwa mabomba marefu hadi mjini. Sehemu ya fedha hizo ni mikopo ambayo wananchi wataihudumia kwa miaka mingi. Musoma nayo inakunywa kutoka ziwani, na Bunda inavuta maji ya ziwa kutoka Nyabehu. Miji hii ingali na nafasi ya kujifunza kwa hasara ya jirani.

Somo la Kigali: kuhama kuna bei, na choo kina faida

Kigali ilichagua kuhama. Kuanzia mwaka 2017 wafungwa wa "1930" walipelekwa gereza jipya la Mageragere, nje ya katikati ya jiji, na ardhi ya thamani ikapata nafasi ya matumizi mengine.

Uamuzi wa namna hiyo una faida, ila una bei ambayo haionekani kwenye mchoro. Mahabusu anatakiwa mahakamani mara kwa mara, na kila kilomita ni mafuta ya karandinga. Likiharibika, kesi inaahirishwa, na msongamano unaongezeka tena. Mama anayempelekea mwanawe sabuni analipa nauli zaidi. Mfungwa asiyetembelewa na ndugu hurudi mtaani akiwa mgeni kwa watu wake, na hilo ni hasara kwa usalama wa wote.

Rwanda ina somo jingine, zuri zaidi. Tangu mwaka 2001, kwa kuanzia gereza la Cyangugu, wataalamu wa taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, KIST, walijenga mitambo ya gesivunde magerezani. Gesivunde ni gesi ya kupikia inayotoka kwenye kinyesi kikioza ndani ya tangi lisiloingiza hewa. Kinyesi cha wafungwa kikawa moto wa jikoni. Matumizi ya kuni yalipungua kwa karibu nusu, uchafu uliobaki ukawa mbolea ya mashamba ya gereza, na mwaka 2005 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Ashden. Kwa magereza yetu, ambayo serikali imeyataka yaache kuni na mkaa, huo ni ushahidi kutoka nchi jirani kwamba inawezekana.

Musoma: mwamba, ziwa na karo

Turudi nyumbani. Kaya nyingi za Musoma, Bunda na Butiama hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Utaratibu huo unafaa pale nyumba zinapoachana na udongo unaponyonya. Musoma ina sehemu nyingi zenye miamba ambako kuchimba shimo refu ni kazi ngumu, na ina mitaa iliyo chini, karibu na maji. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka rekodi iliyowekwa mwaka 1964. Ziwa likipanda, maji ya ardhini nayo hupanda, na shimo lililo karibu na ufuko hujaa kutoka chini. Mvua ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo vyao kwenye mitaro usiku, na mtaro unaelekea ziwani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, na Mara ilikuwemo.

Dawa haihitaji kuwa mtandao wa mabomba makubwa ya jiji zima. Mwanza imeonyesha njia. Kwenye milima yake yenye mawe na nyumba zilizosongamana, kama Mabatini na Igogo, ulijengwa mfumo rahisi wa majitaka: mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba, yasiyohitaji mitaro mirefu wala barabara pana. Uchafu hushuka kwa mteremko hadi kwenye bomba kuu. Mwisho wa safari ni mabwawa ya majitaka, ambamo maji hukaa wiki kadhaa yakihama bwawa hadi bwawa. Kwenye la kwanza uchafu mzito hutuama chini. Kwenye yanayofuata bakteria na mwani huula uliobaki, na jua huua vijidudu. Mabwawa hayahitaji umeme. Yanahitaji ardhi, na hapo ndipo mji unapokosea: ardhi ya mabwawa isipotengwa mapema, viwanja vitagawiwa, nyumba zitajengwa, na baadaye hakuna mtaa utakaokubali yaletwe jirani.

Kwa ufupi: ekari ya kwanza ya kulindwa kwenye mpango wa mji ni ile ya kusafishia majitaka. Baada ya hapo ndipo mji uanze kuzungumza kuhusu gereza na maduka.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano wa hadhara

Mipango ya namna hii ikija, iwe ni bweni jipya la gereza, hoteli, stendi au soko, mwananchi ana haki ya kuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi wa madhara kabla ya ujenzi kuanza, na wananchi washirikishwe. Sheria hiyohiyo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Nenda na maswali haya:

1. Jengo hili litatumia lita ngapi za maji kwa siku, na litatoa lita ngapi za majitaka?
2. Majitaka hayo yataenda kwenye bomba, bwawa au karo, na je, mahali hapo pana nafasi leo?
3. Gari la kunyonya likijaa, linamwaga wapi?
4. Kama ni gereza, mahabusu ni wangapi kati ya waliomo, na wangapi wanakidhi masharti ya dhamana, parole au huduma kwa jamii?
5. Kama gereza linahamishwa, mahabusu watafikaje mahakamani na ndugu watawafikiaje?
6. Kama ni biashara, mwekezaji atachangia kiasi gani kwenye mfumo wa majitaka kabla ya kufungua milango?
7. Ziwa likipanda kama mwaka 2020, eneo hili litakuwa na hali gani?

Asiyeweza kujibu maswali mawili ya kwanza hajawa tayari kupewa kibali.

Uamuzi gani ni wa haki?

Kwa mji kama Musoma, mpangilio unaofaa ni huu. Kwanza, wapunguzwe waliomo gerezani kwa njia ambazo sheria imekwisha kuzitoa. Pili, mahabusu wabaki karibu na mahakama, kwa idadi ambayo vyoo vinaimudu, na wenye vifungo virefu wapelekwe kwenye magereza ya bara yenye nafasi ya kulima na kutumia mbolea ya gesivunde. Tatu, ardhi ya mabwawa ya majitaka itengwe na kupewa hati kabla ya kiwanja chochote kipya cha biashara. Nne, ardhi ya umma ikibaki wazi mjini, iuzwe au ikodishwe kwa uwazi, na sehemu ya fedha hiyo iingie kwenye mabomba, kwa jina na kwa kiasi kinachosomwa mbele ya baraza la madiwani.

Mpangilio huu unaheshimu pande zote. Mfungwa anapata mahali pa kulala na choo kinachofanya kazi, kwa kuwa adhabu aliyopewa ni kunyimwa uhuru, na hakuna hakimu aliyemhukumu kuishi juu ya uchafu. Mfanyabiashara anapata mji ambao wageni watapenda kurudi. Mvuvi wa Makoko anapata ufuko wenye samaki.

Msomaji, mpango wa bajeti wa halmashauri yako huanzia kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Hudhuria unaofuata, na swali lako la kwanza liwe la majitaka. Lisipoulizwa na wananchi, litajibiwa na kipindupindu.